Madaftari 11 na cheti ambacho sina

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu na la kiwanda yasitajwe. Nina miaka 43, mke na watoto watatu, na kwa miaka 19 nimefanya kazi katika kiwanda kimoja cha kufungasha bidhaa. Niliingia nikiwa kibarua wa kubeba maboksi. Fundi mkuu wa wakati ule aliniona natumia mapumziko yangu kumtazama akifungua gia, akaanza kunituma spana, baadaye akaniachia nifunge nati, baadaye mota ndogo. Baada ya miaka minne nikaandikwa fundi msaidizi. Yeye alipostaafu, mashine zote za upande wetu zikabaki mikononi mwangu. Cheti nilicho nacho ni kile cha kumaliza shule tu, tena chenye alama ambazo sipendi kuzikumbuka. Hesabu nilifeli kabisa.

Sijisifu Shangazi, lakini kazi naijua. Beringi ikianza kuchoka mimi huisikia kabla ya mtu yeyote. Naweka ncha ya bisibisi kwenye kasha la mota, mpini nauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, nafumba macho. Beringi nzima huvuma sawasawa, kama mtu anayepumua usingizini. Inayokwisha ina mkwaruzo wa mchanga. Nikisema tuibadilishe mashine ikisimama Jumapili, hubadilishwa, na tukiifungua tunakuta vigololo vimeanza kumomonyoka. Na kila hitilafu niliyoitengeneza nimeiandika: tarehe, mashine, ililia vipi, nilikuta nini, nikafanya nini. Nina madaftari 11.

Miaka mitatu iliyopita aliletwa kijana mwenye stashahada. Nilimzungusha kiwanda kizima, nikamwonyesha mashine zenye visirani na namna ya kuzibembeleza. Mwaka jana nafasi ya msimamizi wa karakana ilitangazwa, nikaomba. Kwenye usaili waliniuliza swali moja la kazi, mengine yote yakawa ya vyeti. Akapewa yeye. Si mtu mbaya. Ananiheshimu, na mpaka leo mashine ikigoma usiku ananipigia simu mimi. Lakini asubuhi ninapotia saini karatasi ya zamu mbele yake, mkono unakuwa mzito.

Sasa kiwanda kimeagiza mtambo mpya. Hauna zile rilei na kontakta tulizozoea, yaani swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Unaendeshwa na kompyuta ndogo iliyo ndani ya kabati la umeme, wenyewe wanaiita PLC. Mafundi wawili watapelekwa kwa watengenezaji wakafundishwe wiki sita. Kijana yule ametajwa, na mimi nimetajwa. Gharama ni juu ya kiwanda na mshahara unaendelea. Sharti ni kwamba nitie saini kuwa nikirudi nitawafanyia kazi miaka mitatu, na nikiondoka kabla, nitalipa gharama zote. Cheti kitakuwa cha mtambo huo tu. Kisha meneja akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kabla sijasafiri nikabidhi madaftari yangu ofisini ili yaingizwe kwenye kompyuta.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Wenzangu wananiambia wakishayapata hayo madaftari hawana haja na mimi tena, na kwamba hayo mafunzo ni kunizungusha mbuyu tu. Mke wangu yeye anasema niachane nao, tujibane, nisome stashahada jioni kwa miaka miwili. Lakini ada ya mwaka mmoja ni karibu mshahara wangu wa miezi minne, na kila wiki ya tatu mimi niko zamu ya usiku. Nimesikia pia kuna utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, akapewa cheti bila kukaa darasani. Wengine wanasema cheti hicho hakina uzito.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita, watoto wakiwa wamelala, nilichukua daftari la hesabu la binti yangu aliye sekondari, nikajifungia jikoni nikajaribu maswali matano. Mawili nikapata. La tatu nikakwama, na nikajikuta natoka jasho kama nilivyokuwa natoka nikiwa na miaka 15 mbele ya ubao. Nikalirudisha daftari kwenye mkoba wake kimyakimya.

Meneja anataka jibu mwisho wa mwezi. Nitie saini? Nisome jioni? Au nikae nilivyo, niwaachie vijana?

Fundi Asiye na Cheti

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza utie saini au usitie, lakini nikiipima barua yako, mistari inayohusu saini ni michache. Uliyoyaandika kwa moyo wote ni mengine: sikio lako kwenye mpini wa bisibisi, karatasi ya zamu, madaftari 11, na daftari la kumi na mbili ambalo si lako, ulilolifungua jikoni usiku. Niruhusu nipitie huko kwanza ndipo nifike kwa meneja.

Hivi ndivyo nilivyokuelewa, na kama nimekosea utanisahihisha. Kwa miaka 19 watu waliokuona ukifanya kazi ndio waliokuwa cheti chako. Sasa mashahidi hao wanapungua. Fundi mkuu amestaafu, mashine ulizozizoea zinaondoka, na waliokusaili hawajawahi kukuona umefumba macho mbele ya mota. Unaogopa kujikuta siku moja nje ya geti, unajua kila kitu na huna cha kumwonyesha mtu. Wakati huohuo unaogopa kwamba ukiingia darasani, itaonekana hujui. Hofu hizi mbili zinavutana, na katikati yake kila njia inaonekana mbaya.

Jina ulilojipa limenikaa kichwani. Fundi asiye na cheti. Shirika la Kazi Duniani lina orodha inayopanga kazi zote za ulimwengu kwa makundi, na toleo linalotumika sasa ni la 2008. Mafundi wanaotengeneza mashine za viwandani wako kundi la saba, katika ngazi ya pili ya ujuzi kati ya ngazi nne. Wasimamizi wa uzalishaji viwandani na mafundi sanifu wako kundi la tatu, ngazi ya tatu. Kwa hiyo kati yako na nafasi uliyoikosa pana ngazi moja. Na maelezo ya orodha hiyohiyo yanakubali kwamba uzoefu wa muda mrefu pamoja na mafunzo ya kazini vinaweza kushika nafasi ya elimu ya darasani. Waliokusaili hawakulazimika kuijua orodha hiyo. Nimeitaja kwa sababu wewe mwenyewe umeshakubali kwamba kisichoandikwa kwenye karatasi si elimu, na hilo linahitaji kuulizwa upya kabla hujaamua lolote.

Tuje kwenye hiyo kompyuta ndogo. Nilimpigia simu rafiki yangu aliyefundisha ufundi umeme miaka mingi, nikamsomea sehemu ya barua yako, bila jina. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Anajua kusoma mchoro wa rilei?" Nikamwambia kwa ninavyomsoma, ameishi nazo. Akacheka, akanisimulia kisa ambacho sikukijua. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors ilikuwa imechoshwa na makabati yake ya rilei. Kila aina ya gari ilipobadilishwa, ilibidi nyaya nyingi zifumuliwe na kuunganishwa upya. Wakatafuta kifaa kimoja ambacho mtu angekibadilishia maagizo bila kugusa waya, na mwaka uliofuata wakapata PLC ya kwanza kutoka kwa kikundi cha mhandisi Dick Morley. Wasiwasi mkubwa ulikuwa kwamba watakaoitunza ni mafundi umeme wa kiwandani. Hawa si watu wa kompyuta. Kwa hiyo wakaipa lugha iliyochorwa kama ngazi, yenye nguzo mbili pembeni na vipandio katikati, kila kipandio ni saketi, na alama ni zilezile za swichi iliyo wazi na iliyofungwa. Waliichora ifanane na mchoro wa rilei makusudi, ili mtu kama wewe akiitazama asijione mgeni.

Sisemi kwamba itakuwa rahisi. Kuna ya kujifunza kwenye skrini ambayo hujawahi kuyagusa, na wiki sita si nyingi. Nasema tu kwamba kitu unachokiogopa kama lugha ya kigeni kilitungwa kwa kuanzia na lugha yako.

Rafiki yangu akanisahihisha na jambo jingine. Unaamini cheti cha "mtambo huo tu" hakitakufaa popote. Huenda cheti chenyewe ni hivyo. Lakini lugha za PLC zina kiwango cha kimataifa, IEC 61131-3, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1993, na ule mchoro wa ngazi ni mmojawapo. Menyu na vitufe hutofautiana kwa kampuni. Mantiki ya kipandio haitofautiani sana. Waombe ratiba ya wiki hizo sita. Ukiona siku nyingi ni za vitufe vya mtambo wao, ulivyodhani ni kweli. Ukiona ni za kusoma programu, kutafuta hitilafu, sensa (yaani vihisi) na mota, hayo utatoka nayo getini siku utakayotoka.

Mkataba wenyewe unakudokeza hivyo. Mwaka 1964 mchumi Gary Becker, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel, alitenganisha mafunzo yanayofaa kazi moja tu na mafunzo yanayofaa kazi nyingi. Mwajiri husita kulipia haya ya pili kwa sababu mfanyakazi anaweza kuyabeba akaenda kwa jirani. Sasa jiulize: kama wiki hizo sita hazina thamani nje ya kiwanda chenu, kwa nini wakufunge miaka mitatu? Hofu yao kwamba utachukuliwa inanipa shaka juu ya hofu yako kwamba wanataka kukutupa. Ni vigumu mwajiri alipie kukufunga na papo hapo apange kukutupa. Sikuhakikishii nia yao, mimi sikai ofisini kwao. Lakini maneno ya wenzako pia ni maneno tu, na katika barua yako yote sijaona mahali ambapo mwajiri amekuambia kazi yako inakwisha.

Ukiukaribia huo mkataba, usiutie saini ukiwa umesimama mlangoni mwa meneja. Uchukue nyumbani. Tafuta kama deni linapungua kadiri unavyofanya kazi, kwamba baada ya mwaka mmoja unadaiwa theluthi mbili, baada ya miwili theluthi moja, au kama utadaiwa lote mpaka siku ya mwisho. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tafuta neno "gharama" limeandikwaje: ni nauli na ada tu, au wamehesabu na mshahara wako wa wiki hizo, na je, kuna kiasi kilichotajwa kwa tarakimu? Na tafuta hili ambalo watu wengi hawaliulizi: wao wakikuachisha kazi kabla ya miaka mitatu, deni linakwenda wapi? Mkataba unaonyamaza hapo unakufunga wewe peke yako. Uliza pia kama mshahara na cheo vitabadilika ukirudi, maana kufungwa miaka mitatu kwa mshahara uleule ni jambo la kujadiliwa, si la kupokewa. Kama mna chama cha wafanyakazi, mpe katibu asome. Kama hamna, ofisi ya kazi ya serikali hupokea maswali ya namna hii, na sheria za nchi nyingi zina la kusema juu ya mikataba inayomzuia mtu kuondoka.

Mke wako namwelewa. Anakupenda, na amechoka kukuona unarudi nyumbani umenyongea. Stashahada ni kitu utakachobeba popote, na ukiimaliza ukiwa na miaka 45, ukastaafu ukiwa na 60, utakuwa na miaka 15 ya kuitumia. Si michache. Lakini kaeni naye chini na kalenda, muitazame kila wiki ya tatu, ile ya zamu ya usiku. Mtu aliyetoka kazini alfajiri akalala mchana kwa vipande, jioni akaingia darasani, kisha usiku akarudi kiwandani, hawezi kuendelea hivyo miaka miwili kwa kupiga moyo konde peke yake. Wengi wanaoacha masomo ya jioni huangushwa na ratiba, wala si uzito wa somo. Muulize msimamizi wako kama zamu zinaweza kubadilishwa. Uliza pia likizo ya masomo yenye malipo. Upo mkataba wa kimataifa juu ya likizo hiyo, Na. 140 wa mwaka 1974. Si kila nchi imeuridhia, lakini hata pasipokuwa na sheria, viwanda vingine vina kifungu cha namna hiyo kwenye makubaliano na wafanyakazi, na hukaa bila kutumika kwa sababu hakuna anayekiulizia. Na kabla hujalipa senti, hakikisha chuo kimesajiliwa na mamlaka ya mafunzo ya nchi yako. Hapo usimwamini mtu wa mapokezi, nenda kaangalie mwenyewe.

Ule utaratibu uliousikia unaitwa kurasimisha ujuzi. Shirika la Kazi Duniani lilizihimiza nchi kuufuata katika Pendekezo Na. 195 la mwaka 2004: ujuzi utambuliwe hata kama umepatikana nje ya shule. Kwa kawaida unaleta ushahidi wa kazi zako, unahojiwa na mtu wa fani, unapewa kazi ufanye mbele yake. Wanaosema hauna uzito wana sababu, maana kuna waajiri wasioujua, na wakati mwingine mtahiniwa hupewa sehemu tu ya cheti na kuambiwa akajaze mapengo. Kwa mtu wa hali yako, mimi naona hayo mapengo ndiyo faida yenyewe. Utajua hasa ni nini hujui, na mara nyingi ni kidogo kuliko unavyoogopa. Kuna vyuo vinavyokubali cheti hicho na kukusamehe baadhi ya masomo ya stashahada, hivyo miaka miwili ikapungua. Muulize msajili wa chuo swali hilo kabla ya mengine yote, na akujibu kwa maandishi.

Kuna mlango mwingine ambao hukuutaja, na nadhani ni kwa sababu hukujua kama upo. Kile kinachofanywa na sikio lako kina jina: ni uchambuzi wa mtetemo. Kuna watu wanaozunguka viwandani na kifaa chenye sensa, wanaigusa mota, wanasoma mawimbi kwenye skrini, wanasema beringi ipi itakufa na lini. Wana vyeti vya kimataifa vya ngazi nne, chini ya kiwango cha ISO 18436. Nakuambia ukweli, mwanangu, sensa hizo siku hizi hufungwa moja kwa moja kwenye mitambo, na huenda mtambo wenu mpya unazo. Zinaweza kusikia mkwaruzo kabla yako. Lakini mtu anahitajika wa kusema mkwaruzo huo unamaanisha nini, na wewe una kumbukumbu za miaka ya milio na ya kilichokutwa ndani. Hata usipoifuata njia hiyo, waulize watengenezaji wa mtambo habari zake.

Hayo ndiyo yanayonirudisha kwenye madaftari. Naelewa kwa nini yamekuondolea usingizi. Wamekuomba miaka yako kana kwamba wanaomba ufunguo wa stoo. Lakini tutazame pande zote. Kumbukumbu zilizoandikwa wakati wa kazi, kuhusu mashine za mwajiri, zinaweza kuhesabiwa mali yake. Inategemea mkataba wako wa ajira na sheria za mahali ulipo, kwa hiyo usome kabla hujakataa, na kabla hujanakili chochote. Kuyaficha kunaweza kukuharibia kuliko kuyatoa. Ila kuyatoa nako kuna namna nyingi. Unaweza kuomba kazi ya kuyaingiza kwenye kompyuta uifanye wewe, maana nani mwingine atajua ulichomaanisha ulipoandika "imelia kama juzi"? Unaweza kuomba barua ya mwajiri inayotambua kwamba kumbukumbu za hitilafu za mashine za kiwanda zimeandaliwa na wewe, kwa miaka kadhaa, kwa idadi kadhaa. Barua ya namna hiyo ndiyo ushahidi anaoutaka mtahini wa kurasimisha ujuzi. Wanaweza kukataa, na wakikataa nayo itakuambia kitu juu yao.

Kuhusu kijana, sitasema mengi. Umemwita si mtu mbaya, na mashine ikigoma usiku simu yake inakuja kwako. Mtasafiri pamoja wiki sita, mkienda. Yeye alisoma michoro ya umeme darasani na anajua hesabu unazoziogopa, wewe unajua mashine zinazomtisha usiku. Nimejiuliza kama umewahi kumwomba akufundishe kitu. Najua kwa nini inaweza kuwa ngumu, baada ya ule usaili. Mkono mzito kwenye karatasi ya zamu hauwezi kuwa mwepesi kwa sababu shangazi wa gazetini amesema. Nalileta tu swali.

Na sasa jikoni. Umeandika "mawili nikapata" kwa haraka, ukakimbilia la tatu. Mimi nimebaki kwenye hayo mawili. Miaka mingi bila kufungua kitabu cha hesabu, usiku, umechoka, kwa siri, hakuna wa kumuuliza, na mawili umepata. Jasho lile ni la mtoto wa miaka 15 aliyesimamishwa mbele ya ubao na watu wakimtazama. Mtu mzima huyu wa sasa kila siku anapima pengo la shafti kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, anajua mota ikivuta ampea nyingi kuliko kawaida kuna kitu kimekaza, anakadiria saa ngapi beringi itadumu. Hizo ni hesabu, ila hakuna aliyekuambia ni hesabu ulipokuwa unazifanya. Sijui kama zinatosha kwa stashahada. Vyuo vingi vina kozi fupi ya hesabu za ufundi kwa watu waliokaa muda mrefu nje ya shule, na hiyo unaweza kuianza bila kuamua lolote kuhusu miaka miwili wala mitatu.

Nikizitazama njia zako, sizioni zikikatana kama ulivyozipanga. Mtu anaweza kwenda wiki sita na baadaye akarasimisha ujuzi akiwa na ushahidi mpya. Mwingine angeona miaka mitatu ni minyororo na kuchagua jioni. Na kukaa ulivyo nako ni uamuzi, una gharama yake: mtambo mpya utafungwa uwepo au usiwepo, na atakayefundishwa badala yako ndiye atakayepigiwa simu usiku. Wewe ndiye unayejua ni hasara ipi unaweza kulala nayo. Mkeo pia anajua kidogo, lakini sidhani kama umemweleza habari za jikoni.

Una siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi. Ratiba ya mafunzo na nakala ya mkataba unaweza kuviomba kesho asubuhi bila kusema ndiyo wala hapana. Ukivipata, niandikie kile kifungu cha deni kimesemaje. Na lile swali la tatu, lililokukwamisha, mwombe binti yako akuonyeshe. Mwambie ni la kazini.

Wako,
Shangazi